Siku Niliyokataa Kuswalisha Ukweni

Mwaka umepita, lakini hata leo nikisikia adhana ya alasiri uso wangu hupata moto, nanyi, ndugu zangu, mna haki ya kunicheka kwanza ndipo mnisikilize.

Nilikuwa likizoni kutoka Kampala, ninakoendelea na masomo baada ya shahada, nikasafiri na lori la mizigo kutoka kwetu Mbeya kwenda Kihesa, Iringa, ambako ami yangu Hamisi alikuwa ametangulia kuniposea Zuhura, binti wa Mzee Shabani muuza nguo. Uamuzi mdogo ulioniponza ni kuvaa kanzu nyeupe tangu nyumbani (nilitafakari sana: nikivaa suruali ukweni wataniona nimepotea, nikivaa kanzu garini nitafika na vumbi, nikachagua vumbi). Lori likalala Chimala ili lipakie mchele, na hapo sokoni nikamwona mbwa aliyefungwa kamba kwenye nguzo ya banda bovu, mguu wa nyuma umevunjika, nzi wamemjaa.

"Bwana wake Mzungu amerudi kwao, kamwacha hivyo hivyo," akasema mama muuza mchele. "Wewe pita tu, mwanangu, na kanzu yako."

Sikupita. Nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikaunyoosha mguu na kuufunga kwa vipande vya mwanzi, nikalala kando yake penye ghala nikihesabu pumzi zake. Na kesho yake nikampakata hadi Iringa, naye, kwa namna yake ya kushukuru, akanilamba mikono na kanzu njia nzima.

Nilimlaza nyuma ya jiko la Mzee Shabani, nikikusudia kujisafisha kabla sijaonekana. Sikuwahi. Wanaume walikuwa wamekwisha kujipanga mkekani uani.

"Huyu hapa msomi wetu!" akasema Mzee Shabani kwa furaha. "Karibu, mwanangu. Leo utatuswalisha wewe."

"Nisamehe, mzee, siwezi."

"Hujatia udhu? Maji yale pale."

"Udhu hautanitosha, mzee."

(Kwa marafiki wasio wa dini yetu: kwetu mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo jibu langu lilikuwa sahihi kabisa. Lakini kijana akitamka mbele za watu kwamba udhu hautamtosha, hakuna anayewaza mbwa. Watu huwaza alilala wapi, na nani.) Ningemtaja mbwa, mambo yangekwisha, ila niliamini angefukuzwa uani palepale, na kwa mguu ule asingefika mbali, basi nikawa natafuta neno lililo la kweli na lisilomdhuru.

"Jana ulilala wapi?" Sauti ya Mzee Shabani ilikuwa imeshuka.

"Chimala, mzee."

"Peke yako?"

Nikawaza. Nikawaza tena. "Hapana, mzee."

Ami Hamisi akajishika kichwa. "Yarabi! Kijana, umetuvua nguo mchana kweupe!"

"Bwana Hamisi," akasema Mzee Shabani huku akivaa viatu, "mchukue mtoto wako. Binti sina."

Hapohapo mguno mrefu ukatoka nyuma ya jiko, mguno wa kiumbe mwenye maumivu.

"Na kamleta!" mtu akapiga kelele, na safu nzima ya swala ikakimbilia jikoni, mimi nikifuata nyuma nikiomba wasimguse. Tukamkuta Zuhura amechutama, anamsogezea mbwa bakuli la maji kwa mpini wa ufagio, huku Baba Yohana, jirani Mhehe mwenye shamba la mahindi, amening'inia kwenye ua akitazama.

"Ndiyo huyu mwanamke ya Chimala?" akauliza Baba Yohana. "Mbona ana mkia!"

Mzee Shabani akamtazama mbwa, akaitazama kanzu yangu yenye alama za nyayo zake, akacheka mpaka akaketi chini. "Leteni udongo!" akasema akifuta machozi. "Msomi huyu aoshwe!" Nikaoshwa kama sufuria, nimefungwa shuka la kuazima, Baba Yohana akihesabu kwa sauti ili barabara nzima isikie, kisha nikaswali safu ya mwisho.

Namshukuru Baba Yohana, aliyemchukua mbwa nyumbani kwake na kumbadilishia vijiti hadi mguu ukaunga, ingawa umepinda kidogo. Namshukuru pia mkwe wangu, ambaye kila asubuhi ya wiki zile nilimwona penye ua, kanzu ameikunja magotini, akisukuma mabaki ya nyama kwa ncha ya bakora na kujifanya anakagua mahindi ya jirani. Na nimeapa: nikiulizwa swali ukweni, kwanza nitamtaja mnyama, tafakuri zitafuata.

Zuhura sasa ni mke wangu. Kila tukienda kwao Kihesa, jioni hukwangua ukoko wa sufuria, akanipa bakuli mkononi.

"Mpelekee mke mwenzangu," husema, "asije akasema namwonea wivu."

Nami hupeleka, nimevaa kaptula kuukuu. Kanzu hubaki msumarini.