Kinyonga na Gunia la Kimea

Binti yangu alipokuwa anarudi bwenini mwezi wa saba, aliniachia kinyonga wake. Si kwa kuniomba, hapana. Aliniita sebuleni kama mwalimu anavyomwita mwanafunzi mtundu, akanionyesha kizimba cha wavu alichotengenezewa na fundi seremala wa mtaani, chupa ya kupulizia maji aliyoitoa saluni kwa mama yake, na kisaa kidogo cha kupimia unyevu wa hewa kilichoning'inia ndani. Kwenye kioo cha kile kisaa alikuwa amechora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha.

"Baba, mshale usishuke chini ya huu mstari," akasema. "Pulizia majani asubuhi na jioni. Hanywi kwenye bakuli, analamba matone. Mwezi wa tisa nikija likizo nimkute hai."

"Na akifa je?"

"Hatakufa. Wewe upo."

Akabeba begi lake, akatoka. Binti yule si mtu wa maneno mengi, na tangu azaliwe sikumbuki kama aliwahi kuniachia jambo lake lolote nilishughulikie. Kinyonga alimwokota mwenyewe pembeni ya shamba lililochomwa moto, mdogo kama kidole, akamlisha panzi mpaka akawa mnyama wa kueleweka. Nikajua hapa sina ujanja.

Nasema wazi, sikumpenda. Mtu mzima mimi, nauza vipuri vya pikipiki mjini, nina heshima zangu, halafu kila asubuhi nasimama mbele ya wavu nampulizia maji mnyama mwenye macho yanayozunguka kama mgambo anayetafuta makosa. Majirani walipogundua, wengine waliacha kuingia sebuleni. Walinisalimia kutokea barabarani, poa tu, kisha wakaongeza mwendo.

Asiyeujua upepo wa Sumbawanga mwezi wa nane atadhani kupulizia mara mbili kunatosha. Upepo ule unapasua midomo. Nguo ukianika, ukigeuka zimekauka, na vumbi limeshazikalia. Naupulizia mti wa mpera uliomo kizimbani, majani yanang'aa, nafurahi, nanywa chai. Kabla sijavaa viatu mshale umeshaanza kushuka. Mchana nikipiga simu nyumbani naambiwa uko chini ya mstari. Macho ya kinyonga yakaanza kuzama ndani, ngozi ikalegea ubavuni.

Nikawa mkali nyumbani. Nikakataza madirisha yasifunguliwe. Mke wangu, kwa baridi ile, aliingiza jiko la mkaa sebuleni tuote moto, nami nikalitoa nje kwa mikono yangu.

"Mnanikaushia mnyama!" nikafoka.

"Ala! Mnyama wako tangu lini?" akauliza, akajifunga shuka mabegani. Alicheka, lakini mimi sikucheka.

Wakati huohuo mama yangu alikuja kutoka kijijini, mbele ya Pito, kwa ajili ya kliniki ya macho. Na kwa kuwa mama hawezi kukaa bure, alikuja na ulezi wa kufanyia kimea cha pombe, ule unaoloweshwa na kufunikwa gunia hadi uchipue. Alipokiona kizimba alisimama mlangoni, akasema kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye akimkuta kinyonga njiani hutema mate pembeni, akazunguka kupitia shamba la watu. Sasa anaambiwa alale nyumba moja naye! Akakubali kwa sababu ni wa mjukuu wake, ila sebuleni alipita akiwa ameshika ukuta wa upande wa pili.

Lakini masikio yake yalikuwa yanasikia. Kila siku ananisikia nikilalamika: anakauka, anakufa kwa ukavu, mtoto nitamwambia nini?

Jioni moja nikarudi nikakuta kizimba hakipo sebuleni. Kipo stoo, pembeni ya ulezi wake, kimefunikwa kwa gunia lililoloweshwa, juu pembeni chini, kila mahali. Ndani kuna joto na harufu ya ulezi unaochipua. Nikafunua kidogo nikatazama kisaa. Mshale ulikuwa juu kabisa, umeacha mstari mwekundu mbali.

"Mama, wewe ni daktari!" nikasema kwa furaha.

"Kitu kinachotaka unyevu hufunikwa," akanijibu bila kusogea karibu. "Nimekibeba nimefumba macho."

Usiku ule nililala vizuri. Na siku zilizofuata nikawa natazama mshale tu, uko juu, naondoka. Mnyama mwenyewe simtazami. Mstari wa chini tulikuwa nao. Wa juu hakuna aliyetuchorea.

Siku niliyomtazama, Mungu wangu! Alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, na pembeni ya mdomo mapovu. Akivuta pumzi ilisikika kama filimbi iliyoingia maji. Majani yamefanya ukungu mweupe.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa ng'ombe ananunua dawa ya kuogesha mifugo. Nikaeleza shida yangu. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nimesema kinyonga, na yule mfugaji akachukua dawa yake akatoka kinyumenyume. "Mzee, hiyo mimi sina," muuzaji akasema. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, hasira zimenijaa kifuani, nikalichana gunia lile nikalitupa uani.

"Mama, huyu si ulezi!" nikapiga kelele. "Huyu anapumua! Umemuua!"

Mama alikuwa anageuza kimea chake. Akanawa mikono, akaingia chumbani, nikamsikia anafungua begi. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka, akamfuata.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo matroni wa bweni huwaazima watoto simu. Niliipokea nikiwa nimesimama uani, nikaiweka kwenye spika. Kizimba nilikuwa nimekiweka juani, kinyonga amelala kwenye tawi, mweusi upande mmoja. Nikamweleza mtoto habari za gunia na mapovu.

"Aachwe juani asubuhi, ila apate na sehemu ya kivuli," akasema. "Pulizia, kisha pakauke, ndipo upulizie tena. Majani yenye ukungu toa yote. Baba, nani alimfunika?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema mimi, nasema kweli, lakini nilichelewa.

"Mimi! Na sasa naondoka," mama akasema kutoka mlangoni, begi mkononi, kanga ya safari begani. Alisema kwa nguvu ili sauti ifike hadi bwenini.

Halafu mtoto akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, usiondoke. Baba anashinda dukani. Nani atampulizia?"

Mama alikaa kwenye kigoda na begi lake mapajani. Alikaa hivyo muda mrefu. Jioni nikaona amelirudisha ndani, na chupa ya kupulizia sikuiona tena mahali pake.

Tangu hapo sikuruhusiwa kugusa kitu. Nikiuliza hali ya mgonjwa naambiwa niende nikauze vipuri. Kuna siku mapovu yalirudi, kuna siku alikataa panzi. Mwezi wa tisa ulipofika nilimpokea binti stendi bila kujua nimwambie nini, naye hakuuliza. Njia nzima aling'ata kucha.

Tukaingia sebuleni. Kizimba kilikuwa wazi, kitupu, majani yamekauka. Begi likamdondoka mtoto. Nikatamani ardhi inimeze.

"Nani huyo?" sauti ikatoka uani. "Kama ni mjukuu wangu, njoo upesi!"

Mama alikuwa kwenye kigoda juani, ameunyoosha mkono mbele kama fimbo, macho ameyafumba kabisa. Juu ya mkono kinyonga, kijani kibichi, analamba matone kwenye vidole vyake.

"Njoo umtoe mnyama wako," akasema. "Kapanda tangu asubuhi, na mimi naogopa kumshusha."