Maji ya Nahodha

Sefania wa Magamba hakuwahi kuiona bahari kwa macho yake, lakini bahari ndiyo iliyomnyang'anya rafiki.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, gari la sinema la serikali lilipanda Lushoto, likatundika shuka jeupe uwanjani. Sefania alikwenda na Lucian, mwenzake wa kazi, Mngoni aliyekuja kutafuta kibarua kwenye chai akaishia kupasua mbao. Miaka tisa walikuwa wakivuta msumeno mmoja: Lucian juu ya gogo akifuata mstari, Sefania chini shimoni akila vumbi la mti wa mkulo. Aliye shimoni hazioni kabari zinazozuia gogo lisibiringike. Anaamini tu kwamba wa juu amezigonga vizuri.

Picha ilikuwa ya watu wawili katika merikebu ndogo, nahodha na mshika usukani, na pipa moja la maji. Nahodha akaanza kushuku kwamba mwenzake anamtilia sumu. Kila kitu kilikuwa cheusi na cheupe, kwa hiyo hata sisi watazamaji hatukujua maji yale yana rangi gani. Nahodha akashika kisu, mshika usukani akamsogezea kikombe huku akitabasamu, na papo hapo ukungu ukafunika shuka na jenereta ikazimika. Watu wakapiga miluzi weee, wakaenda kulala bila kuuona mwisho.

Mwisho Sefania akajitungia mwenyewe.

Asubuhi tumbo likamsokota. Pichesi mbichi alizotafuna njiani hakuzikumbuka hata moja. Alichokumbuka ni uji ambao Lucian humpikia kila siku saa nne, na lile tabasamu lake. Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Lucian akigonga kabari, kwa nini mara tatu? Akinyamaza, anapanga. Akiimba, anaficha.

"Baba Yohane," mkewe Klara akamwambia, "shuka limekuroga."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akajibu, mpumbavu yule.

Siku ya tano, kopo la uji lilipoletwa, wachukuzi wa mbao wakiwa wamekaa pale pale, Sefania akasema, "Onja kwanza."

Kwetu mwenye pombe huonja kabla ya kumpa mgeni, na hufanya hivyo bila kuambiwa. Kumwamuru mtu aonje, tena mtu mliyechangia naye kopo miaka tisa, ni kumwita mchawi mbele ya watu.

"Mgosi, mimi?" Lucian akauliza, akimwita kwa neno la Wasambaa la kumheshimu mwanamume.

"Onja."

Lucian akanywa mpaka nusu, akafuta mdomo, akaliweka kopo juu ya gogo. Akaondoka, na hakurudi tena.

Hakuna aliyekubali kushika msumeno na Sefania baada ya hapo. Akalima kabichi. Miaka minane ikapita, gari la sinema likarudi na picha ile ile, na safari hii hakukuwa na ukungu. Nahodha alimsukuma mwenzake baharini. Kisha kiu ikamshinda, akayanywa maji ya pipa siku nyingi, akafika pwani mzima wa afya. Maji yalikuwa maji tu. Sefania alilia pale uwanjani, mtu mzima na mvi zake, wala hakujificha.

Akauliza, akaambiwa Lucian yuko kijiji cha ujamaa huko tambarare, ng'ambo ya Mombo. Akateremka na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa aliyoipika Klara. Alimkuta Lucian akipalilia mahindi ya kijiji. Wakasalimiana vizuri tu.

"Nilikukosea," Sefania akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Akamimina kwenye kata, akaonja yeye kwanza, akampa.

Lucian akaipokea kwa mikono miwili. Akaichungulia muda mrefu, kisha akairudisha.

"Onja tena, mgosi."

Sefania akanywa mpaka nusu, akafuta mdomo, akaisogeza kata mbele. Lucian alikuwa ameshainamia jembe lake.