Fundi Masele na sauti iliyohamia Ijumbi

Asubuhi hii ukungu bado umekaa juu ya migomba ya Ijuganyondo, na fundi Masele amelala kifudifudi nyuma ya runinga ya Ma Gaudensia. Sebuleni inaonekana miguu yake tu. Simu yenye tochi ameibana kwa meno, na vidole vyake vinafuata waya mweusi kutoka nyuma ya kompyuta, taratibu, kama vya mama anayetafuta mahali mshono ulipoachia.

"Umelala, mwanangu?" anauliza Ma Gaudensia kutoka kwenye kochi.

"Nafuata waya, mama."

"Nusu saa unafuata waya mmoja. Nyie Wasukuma mna mambo, waitu."

Masele anacheka huku tochi ikiwa mdomoni. Amezoea. Ameishi na Wahaya muda mrefu kiasi cha kujua kwamba siku mama huyu atakapoacha kumtania ndiyo siku ya kuwa na wasiwasi.

Kabla hajainama huko nyuma walisali. Katika nyumba hii fundi yeyote, awe wa bati au wa bomba, hashiki chombo kabla hajafumba macho. Sala ya leo ilikuwa fupi. Ma Gaudensia alimwomba Mungu jambo moja tu: amsikie mume wake.

Mume huyo, Ta Mutembei, alifariki mwaka jana. Alikuwa mtunza mashine katika kiwanda cha kahawa, na mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya usharika wao wa Kilutheri. Alipostaafu alinunua kompyuta iliyotumika, akaiweka chini ya runinga, akaiunganisha na redio kubwa ya spika tano na sabufa. Humo alihifadhi nyimbo za kwaya, filamu, na video za sherehe zote za familia. Kila spika ilifumiwa kitambaa na mkewe, na jioni, kazi ya shamba ikiisha, walikaa wawili wakasikiliza.

Baada ya kifo chake Ma Gaudensia hakuigusa mashine ile kwa miezi mingi. Siku alipojikaza akafungua video ya sherehe ya kumuaga binti yao, Joyness, alimwona mumewe amesimama katikati ya ukumbi na kipaza sauti mkononi. Midomo ilikuwa inacheza. Makofi yalisikika, vigelegele vilisikika, hata viti vilisikika vikivutwa. Ta Mutembei hakusikika.

"Nilidhani ni masikio yangu," anasema. "Nikamwita jirani. Naye akasema, huyu mzee ananong'ona."

Kutoka hapo jambo likakua. Joyness, ambaye ameolewa Ijumbi, wilayani Muleba, alikuwa amejinakilia video hiyo kwenye flashi. Alipoambiwa kwa simu alishangaa, kwa sababu kwake baba alikuwa anaongea vizuri kabisa. Akaituma flashi kwa basi mpaka Bukoba mjini. Kaka yake, Privatus, alitoka Kaagya akaipokea, akaichomeka kwenye kompyuta ya baba. Kimya kilekile.

Privatus ni mtu wa hasira za karibu. Aliandika kwenye grupu la familia kwamba Joyness amecheza na video ya baba, amekata sauti akabaki nayo mwenyewe, na sasa anawatumia takataka. Joyness hakujibu. Aliacha tu kuja nyumbani. Na Jumapili hii, familia inapokutana kwa ibada ya shukrani ya kutimiza mwaka tangu baba atangulie, hakuna aliyejua kama atatokea.

Ndipo Ma Gaudensia alipomtafuta Masele.

Masele ana kibanda karibu na soko la Bukoba, kati ya fundi viatu na muuza vocha. Hakusomea ufundi darasani. Alikuja ziwani akiwa kijana, kuvua dagaa katika kisiwa kimoja cha Muleba, na baridi ya usiku ilipomshinda kifua akahamia kwenye kibanda cha video cha hapohapo kisiwani. Kazi yake ilikuwa kuwasha jenereta na kuhakikisha wavuvi wanamsikia msimuliaji anayetafsiri filamu kwa Kiswahili.

"Mvuvi picha inaweza kukatika akavumilia," anasema. "Asipomsikia msimuliaji, anadai hela yake. Na akiidai anakuja na wenzake. Nilijifunza kwa hofu."

Alijifunza kuzuia jenereta isingurume ndani ya waya, kuzigeuza spika ziwatazame watu badala ya kutazama paa, na kupunguza besi ili maneno yapate nafasi ya kupita. Leo watu wa mjini na vijijini humwita wakitaka kompyuta zao ziimbe kama zinavyostahili. Kwa kazi ya nyumbani anatoza shilingi elfu kumi na tano. Wengine humalizia kwa mkungu wa ndizi, naye huufunga nyuma ya bodaboda na kurudi nao mjini bila manung'uniko.

"Watu wakishapata runinga yenye picha safi wanadhani sauti itakuja yenyewe," anaeleza. "Wanatoa sauti kwenye kompyuta, wanaipitisha kwenye runinga, ndipo iende kwenye redio. Safari ndefu hiyo, inafika imechoka. Mimi naitoa kompyuta, naipeleka redio moja kwa moja. Halafu nazima kila kitu kinachojisifu kwamba kitaongeza utamu. Wimbo ukirekodiwa vizuri haudai sukari. Na kama ulitumiwa kwa simu mara nyingi, umeshabanwa, hata mimi siwezi kuufufua. Naomba ule wa mwanzo."

Hata hivyo, nyumba ya Ma Gaudensia ilimpa taabu. Alikuja mara ya kwanza wiki iliyopita, akabadilisha waya, akasafisha matundu, akafungua redio na kuifuta vumbi. Aliondoka akiamini kwamba kipaza sauti cha siku ya sherehe kilikuwa kibovu, ila hakuwa na moyo wa kumwambia mjane. Njiani aliirudia picha ile kichwani. Kama kipaza sauti kilikuwa kibovu, mbona kwa Joyness mzee anaongea?

Amerudi kwa sababu ya swali hilo. Na waya alioufuata leo, baada ya nusu saa, umefika salama kwenye redio. Hauna kosa. Anatoka nyuma ya runinga na utando wa buibui kwenye nywele.

"Kunywa chai," anasema Ma Gaudensia. "Mume wangu alikuwa hivyohivyo. Akishindwa na mashine anakuwa mwekundu masikioni, na alikuwa mweusi kuliko wewe."

Anamwekea kikombe, na pembeni kahawa ya kutafuna katika kisahani. Kisha, kwa kujaza ukimya tu, analalamikia kwaya.

"Hata nyimbo zetu nazo zimepoa. Zamani aliyekuwa akianza wimbo ulimsikia hapa puani. Siku hizi kompyuta hii inaimba waitikiaji peke yao."

Masele anakishusha kikombe kabla hakijafika mdomoni.

"Waitikiaji peke yao?"

"Na kinanda. Anayeongoza kama yuko nyumba ya pili."

Fundi anasimama, anaitazama meza ya runinga upya. Kulia iko spika moja juu ya kitambaa cheupe. Kushoto iko ya pili, juu ya kitambaa kama hicho. Chini ya runinga, katikati, kipo kitambaa cha tatu, kimefuliwa na kupigwa pasi, na juu yake hakuna kitu.

"Mama, hapa palikaa nini?"

"Spika."

"Iko wapi?"

"Ijumbi, kwa Joyness."

"Na zile za nyuma ya kochi?"

"Kaagya, kwa Privatus. Zote mbili, yeye ni mkubwa. Mimi nikabaki na hizi mbili na hilo debe la kuunguruma."

Masele anakaa chini polepole. "Mama. Mlirithi redio vipandevipande?"

"Tulimaliza matanga, ukoo ukakaa, ukagawa," anajibu Ma Gaudensia, akishangaa kwamba jambo hilo linahitaji maelezo. "Shamba halikatwi, nyumba ni yangu, baiskeli alipewa mdogo wake. Watoto wakasema wanataka kitu alichokipenda baba. Alichokipenda si hicho? Joyness alichagua ile ya katikati kwa sababu baba yake alikuwa akiifuta kwa leso yake mwenyewe."

Fundi anacheka mpaka machozi, na Ma Gaudensia, ambaye bado hajajua kinachochekwa, anacheka naye.

Halafu anamweleza. Ta Mutembei aliiambia kompyuta yake kwamba sebule ina spika tano na sabufa, na kwamba kila sauti igawiwe mahali pake: makofi na waitikiaji pembeni, vishindo kwenye sabufa, na mtu anayeongea au kuongoza wimbo, katikati. Mzee amezikwa, spika zimegawanywa, lakini hakuna aliyeiambia kompyuta. Mpaka leo inaendelea kumtuma Ta Mutembei kwenye spika ya katikati kila anapofungua mdomo, na spika ya katikati iko Ijumbi. Kwa Joyness flashi inachezwa na runinga ya kawaida inayotoa sauti zote pamoja; ilipoletwa hapa ikapitishwa njia hiyohiyo ya mzee.

"Kwa hiyo mtoto hakukata kitu," anasema Ma Gaudensia.

"Hakukata, mama."

"Asante Yesu," anasema mama, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo alioubeba muda mrefu.

Dawa ni nyepesi. Masele anafungua setingi za sauti, anaiambia kompyuta kwamba sasa ina spika mbili, basi, kila kitu kipite humo. Anafungua video. Ukumbi unatokea, wanawake wanapiga vigelegele, na juu ya vigelegele inapanda sauti nzito, yenye kikohozi kidogo cha mvuta kiko.

"Subirini kwanza, sijamaliza," anasema Ta Mutembei.

Ma Gaudensia ameshika mikono miwili kifuani. "Ndiye huyo," anasema. "Zima."

"Nizime?"

"Zima, mwanangu. Asiongee watoto wake hawapo."

Anampigia simu Privatus hapohapo, na simu anampa fundi. Masele anaeleza kila kitu kwa upole, mwisho anashindwa kujizuia.

"Kusema kweli, kaka, dada yako sauti aliichukua. Ila mlimkabidhi nyie wenyewe, mbele ya ukoo."

"Basi Jumapili nitakuja na zangu," anasema Privatus, na mama anampigia Joyness alete na yake.

Jumapili, baada ya ibada, Privatus anafika na spika zake mbili ndani ya kiroba cha kahawa. Joyness anashuka kwenye bodaboda na kifurushi kilichofungwa kwa kanga, amekipakata kama mtoto mchanga. Wanasalimiana kwa adabu ya wageni. Masele yuko tayari na nyaya zake, anajifanya haoni.

"Nilisema vibaya," anasema Privatus.

"Ulisema kwenye grupu," anajibu Joyness.

Privatus anatoa simu, anaandika, anafuta, anaandika tena. Simu za watu zinalia mlio wa ujumbe sebule nzima. Joyness anausoma wa kwake mpaka mwisho, anaurudia, kisha anamkabidhi kaka yake kifurushi akifungue yeye. Spika inarudi juu ya kitambaa chake. Masele anairudishia kompyuta hesabu yake ya zamani, anawaomba watu waondoke mbele ya sabufa, na anabonyeza.

Safari hii Ta Mutembei haongei kutoka pembeni. Anaongea kutoka pale alipo kwenye picha. Wengine wanageuza shingo, kana kwamba ameingia.

"Joyness mwanangu," anasema, "huko unakokwenda, mama yako akikupigia usipokee ukiwa unakimbia. Kaa chini kwanza, ndipo uongee. Na wewe Privatus, nakuona hapo mbele. Usianze kuwa baba wakati mimi bado nipo."

Ukumbi wa kwenye video unacheka, na sebule inacheka. Privatus anacheka kuliko wote, kisha anajifuta uso kwa mkono wa shati. Joyness amekwenda kukaa karibu naye. Wajukuu wanataka irudiwe, na inarudiwa.

Kabla ya chakula wanakubaliana bila kikao: spika zibaki hapa. Anayemtaka baba aje nyumbani.

Masele anakula ebitoke, ndizi za kupika za Kihaya, kwenye baraza, sahani juu ya magoti, na anapoulizwa anataka nini sasa katika kazi yake haongelei duka kubwa. Anataka kipaza sauti. Kizuri, cha kurekodia, na kompyuta ndogo ya kubeba.

"Siku zote natengeneza pa kusikilizia," anasema. "Nimeona leo, watu walikuwa na bahati kwamba mzee huyu alirekodiwa. Mimi baba yangu alikufa nikiwa kisiwani. Sina hata kikohozi chake."

Mama yake yupo hai, Sengerema, na anajua nyimbo za kulimia ambazo Masele amezisahau nusu. Ataanza na huyo, mwezi huu wa likizo za wajukuu, Mungu akipenda. Kisha atapita nyumba za wazee wa huku, mmoja mmoja, wakae barazani mwao waongee wanavyotaka, naye aweke sauti zao safi, kabla haijafika siku ya kugawana spika.

Ma Gaudensia, ambaye alikuja kuongeza mchuzi, ameyasikia yote.

"Ukitoka kwa mama yako uje kwangu," anasema. "Nina maneno ya kumjibu yule mzee. Ameongea leo peke yake mpaka tumeshiba."