Muziki wa Filamu Katika Nyumba ya Eda

Mimi nimejijenga kwa mikono yangu, na sioni haya kulisema. Niliondoka Unguja sina kitu, nikaosha sahani za watu Uingereza huku nikisoma, nikapata diploma ya ufundi wa sauti. Leo nina nyumba ya ghorofa huku Uarabuni, mtaa wa Azaiba, na spika za majlisi, sebule ya wageni, nimezifunga mwenyewe. Dada yangu alipofiwa na mumewe mwaka huu, nilitangaza mbele ya jamaa wote kwamba eda atakaa kwangu, kwa heshima zake, si katika kile kifleti chao cha kupanga Darsait. Nikampa chumba cha juu.

Siku zile zile nikapata muziki niliokuwa nikiusaka. Mpiga piano mmoja wa Ulaya, wa enzi za filamu zisizo na rangi, aliitungia muziki wa jazi filamu ambayo haikuonyeshwa hata mara moja. Kanda zilisahauliwa ghalani mpaka juzijuzi warithi wa studio walipofungua makasha. Piano, besi, na tarumbeta iliyozibwa mdomo. Kuna mahali mwanamke anapanda ngazi. Picha yake haipo tena, lakini besi inapanda naye kidato kwa kidato, na mtu unamwona. Nilitaka rafiki zangu wausikie. Kusema kweli, nilitaka wanisikie mimi nikiueleza.

"Na mwenye eda huko juu?" mke wangu aliniuliza.

Kwetu sisi, nyumba yenye mwenye eda hata televisheni hupunguzwa sauti. Nilijua hayo tangu utotoni.

"Huu si muziki wa kuchezea," nikamwambia. "Hamna ngoma wala muimbaji. Hii ni elimu."

"Haya, bwana elimu." Akavaa buibui lake akaenda kwa mama yake, Ghubra.

Ijumaa baada ya Alasiri wakaja watu wa kazini. Nikawamiminia kahawa, nikaufungulia muziki kutoka kwenye simu yangu, nikaanza kusomesha. Mara sakafu ya juu ikagongwa. Nikajiambia ni watoto wa jirani. Ikagongwa tena. Nikaongeza sauti, maana tulikuwa tumefika kwenye ngazi.

Dada yangu hakuweza kushuka. Mwenye eda hajitokezi mbele ya wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio ndugu zake wa karibu, na majlisi ilikuwa imejaa hao. Alichobaki nacho ni simu, akanipigia. Nilitaka kuikata bila ya kutazama ni nani, kidole kikaipokea. Piano ikanyamaza, na sauti ya dada ikatoka katika spika zote, safi, kama kwamba amekaa katikati yetu.

"Mdogo wangu, nnakuomba. Nimegonga mpaka mkono unaniuma. Marehemu hajatimiza hata arubaini, na wewe..." Akaangua kilio.

Nilihangaika na simu, nikibonyeza hapa na pale. Wageni waliinamisha vichwa wakatazama zulia. Nilipofanikiwa kuizima, rafiki yangu mmoja, mtu wa mizaha, aliweka kikombe chini.

"Sheikh," alisema taratibu, "hiyo diploma yako haikukufundisha kupunguza sauti?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Wakaaga mmoja mmoja, kahawa haijaisha.

Nikapanda juu. Nilimkuta amekaa juu ya msala wake wa kusalia.

"Nisamehe, dada."

"Ni nani wale?"

"Watu wa kazini."

"Wamenisikia nikilia?"

Ningeweza kumdanganya. "Wamekusikia."

Alikunja msala polepole. "Muziki wenyewe si mbaya," alisema. "Lakini ulisema unanichukua kwa heshima zangu, na watu wakakusifu. Nirejeshe Darsait. Nyumba bado hatujamkabidhi mwenyewe, na binti yangu atakaa na mimi."

"Watu watasema nini?" nikamuuliza. Swali hilo linanichoma kuliko muziki. Hata pale nilikuwa najifikiria mimi.

"Watasema nimerudi kwangu."

Nikampeleka kabla ya Magharibi, nikamtandikia kitanda, nikaondoka.

Jamaa wanapomuuliza kwa nini alihama kwangu, huwajibu kwamba kwangu alitunzwa vizuri, ila alipakumbuka nyumbani kwake. Juzi alimjibu hivyo mjomba wetu, mimi nikiwa nimekaa pale pale. Mjomba akanigeukia, akanipa mkono wa shukurani. Nikaupokea.