Mlima Mwekundu kwenye Kadi

Kadi zile ziliachwa na mzungu mmoja aliyehama ofisi jirani na redio yetu. Nyuma yake paliandikwa kwa Kifaransa kwamba ni nakala za picha za kale za Kijapani, zilizochongwa kwenye ubao, zikapakwa rangi na kupigwa chapa kwenye karatasi. Ndani zilikuwa tupu, kwa hiyo nilizitumia kuandikia nilipokwenda kambi ya Kanyaruchinya, nje ya Goma, kukusanya habari za wakimbizi.

Watu wa foleni ya maji walizipokezana. Mmoja alimtazama bibi wa Kijapani aliyevaa nguo juu ya nguo, akasema kumbe huyu ndiye aliyechukua mablanketi yetu. Tulicheka.

Mama mmoja wa Masisi hakucheka. Alikuwa ameshika kadi yenye mlima mwekundu, akaniomba nimwachie. Binti yake alibaki milimani na wajukuu, vita vinawasogelea, simu hazipiti. Alitaka binti ajue mama yuko wapi, amfuate. Nikajitolea kumwandikia barua.

"Hapana, papa. Barua wanaisomaka ku barrière. Picha haina jina la mutu."

Kwao, kwa kuogopa vizuizi vya wenye silaha barabarani, msafiri hutumwa na alama tu, labda kipande cha kitenge, na mpokeaji anaelewa mwenyewe. Mlima ndio ulikuwa alama yake: niko chini ya Nyiragongo. Ule wekundu hakuna aliyeushangaa. Jioni nyingi wingu la juu ya volkano huwa jekundu, na watu wa kambi hupika chini yake bila kuinua macho.

Mchuuzi mmoja wa samaki aliibeba hadi bandari ya Kituku, ziwani, akapanda nayo boti ya Minova. Kutoka huko ilipita mikono mingine.

Mchuuzi aliporudi kambini nilikuwepo. Alikataa kukaa. Alisema habari zimemrudia kwamba kadi ilifika, na binti alikuwa amekwisha kufunga mizigo aje. Binti aliitazama sana. Akaona mlima unawaka, na michirizi myeupe inashuka kutoka kileleni. Akalia, akawaambia wenzake kwamba mama anamwonya: moto umeshuka, asije Goma. Akageuza njia, akaingia msituni na watoto, upande wa Walikale. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Mama hakumlaumu mtu. Aliniomba kadi zilizobaki, akazipanga juu ya turubai. Wimbi kubwa linameza mitumbwi, akaigeuza kadi. Watu wanakimbia mvua darajani, akaigeuza. Ndege peke yake kwenye tawi. Aliishika kidogo, nayo akaigeuza.

"Hakuna hata moja yenye kusema 'kuja'?"

Nilizichukua, nikazipitia tena moja moja, ingawa zote nilikuwa nazijua.