Bleu wa Boga Alikuwa Chini Mbele Yetu

Leo nilimucheka mutu, na sasa sijue nitatokaje mu ile kicheko.

Tulikuwa tunapokea bableu, ni kusema banafunzi bapya ba iniversite yetu ya ku telefone. Kila mutu kwao, kamera wazi.

Desturi munaijua: siye bakubwa tunatoa amri, bleu anafanya. Akilala chini, hasimame mpaka tumuruhusu.

Nikapiga kelele: "Bableu bote, chini!"

Bakaanguka, tukacheka sana. Moya tu, wa kijiji ya Boga, hatukumuona akianguka: kamera yake ilikuwa inatuonyesha mabati ya nyumba tu.

Nikamucheka, nikamukaripia: "Weye, kichwa nguvu! Lala chini!"

Akajibu pole pole, na heshima ya mudogo kwa mukubwa: "Yaya, miye niko chini tangu asubui. Masasi ya bunduki iko nalia hapa inje."

Hakuna mutu alicheka tena.

Nikasema basi, bote basimame. Binti moya, bleu wa Mahagi, akakatala: "Samahani, yaya. Kama ule hawezi kusimama, siye pia hatusimame."

Na hakuna mwenye alisimama.

Mpaka saa hii tungali ku ligne, telefone wazi. Miye pia, huku Mbunya, nimelala ku simenti, njo niko naandika hii.

Bandugu, muniambie: amri ya kusimama, ni nani anaitoa?