Mlango wa Nyuma na Samaki wa Bukwe

Mtu akikuambia mlango umefungwa kwa ajili ya usalama, muulize usalama wa nani. Mimi niliuliza. Jibu lilikuwa: wa viti.

Karibu na gare ya Kamina, yaani stesheni ya reli, kuna nyumba ya zamani ya orofa moja, Wabelgiji waliijenga kwa kuweka mizigo ya treni. Mwenye nyumba wa leo, sisi wote tunamwita patroni, ameikatakata kama mkate. Chini kuna mimi na mashine yangu ya kushona na vitenge vya wateja. Pembeni kuna kinyozi na grupu lake, jenereta ya umeme, linanguruma tangu asubuhi utafikiri linaumwa. Na kwenye mlango kabisa kuna muuzaji wa esanse, petroli ya rejareja, anapanga chupa zake juu ya meza kama mtu anayeuza maji ya kunywa. Juu kuna chumba cha maombi ambako kwaya hufanya mazoezi, shule ya watoto wadogo, ofisi ya patroni, na stoo ya viti vya plastiki anavyokodisha kwa matanga na harusi.

Ngazi ya kupanda huko juu ni ya mbao. Kushoto kwake grupu, kulia esanse. Binti yangu wa miaka minne alikuwa anaipanda kila asubuhi na mfuko wake mgongoni, na mimi nabaki chini nakanyaga mashine, nanusa esanse, nafikiri. Ukishona na kufikiri pamoja, unashona mkono wa blauzi mahali pa shingo. Niliwarudishia wateja wengi pesa mwaka ule.

Ngazi ya pili ilikuwapo. Ya simenti, upande wa nyuma, inashuka ndani ya lupango, ule uwanja wenye ukuta ambamo tunaanika nguo. Wabelgiji kwa mambo ya kukimbia hawakuwa wajinga. Lakini mlango wake wa juu, pale pale ubavuni mwa ofisi ya patroni, ulikuwa na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi, na ufunguo wake ulilala kifuani mwa patroni, kwenye kamba, chini ya tai.

Nikapanda kumuona.

"Papa patroni, jambo yenu. Ule mulango ya nyuma, juu ya nini iko na kufuli?"

"Juu ya bamwivi. Bataibia viti yangu."

"Na moto ikiwaka kule mbele, batoto batapita wapi?"

"Moto ya wapi?"

"Ya grupu! Ya esanse!"

"Mwanangu," akasema, na alikuwa anafuta miwani polepole, "hii nyumba iliikala hapa mbele weye uzaliwe. Uliisha kusikia imeungua?"

"Minyi pia siyakufa, papa. Njo kusema sitakufa siku moja?"

"Tutaona."

Tutaona ya patroni ni kaburi. Ukitia neno mle, limezikwa.

Lazima niseme tabia yake moja. Ukimwomba, hasikii. Ukimlilia, hasikii. Lakini ukimsema vibaya, anasikia hata akiwa chooni. Siku moja mama mmoja mwenye kuuza samaki alisema chini ya dirisha lake, tena kwa sauti ya kawaida tu, kwamba bukwe wa patroni, yaani mama mkwe wake, alitoka Mulongo na kitunga kizima cha samaki wa moshi, na patroni akamlisha bukari na sombe, ugali na majani ya mihogo, samaki akawapeleka sokoni. Kwetu, bukwe akija, unamwinamia, unaongea chini, unamwekea kipande kikubwa, wewe unakula mchuzi. Kumlisha bukwe sombe wakati samaki wake wako sokoni ni jambo la kumhamisha mtu mji. Patroni alishuka ile ngazi na kiatu mguu mmoja. Alijitetea mpaka jua la saa sita: samaki waliliwa nyumbani, wote, na miiba yao! Watu walifunga maduka kumsikiliza. Kinyozi alimwacha mteja na sabuni shingoni. Mimi nilicheka, nikarudi kwenye mashine. Akili ilikuwa haijaamka.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa Lubumbashi, anasomea ujenzi.

"Yaya," akaniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa, "nyumba kama hiyo njo mubaya zaidi. Kila mutu iko na kazi yake, hakuna mwenye anajua mwenzake anafanya nini. Batu batajua namna gani kama moto imefika? Batapita wapi? Na kisha batakutana wapi? Ukijibia hiyo, uko na plan."

"Na kufuli?"

"Ile haiko swali ya bainzenieri, yaya. Ile iko ya weye na patroni."

Asante sana kwa masomo, ambayo nilichangia mimi.

Nikaanza na kile nilichoweza: watajua namna gani. Nilikwenda kwa metresi, mwalimu wa wale watoto, binti wa Kimethodisti mwenye sauti ya maziwa, hajawahi kumpigia mtu kelele. Alikubali mara moja, maana yeye pia analala na ile ngazi kichwani. Tukapatana: mimi nitapiga chuma, kile kipande cha reli kinachoning'inia pale mlangoni, na watu wote watashuka na kukutana barabarani. Tuliwaeleza watu wote wa nyumba. Wote walisema ndiyo.

Nikapiga chuma. Nilipiga kwa hasira, mkono ukauma.

Watoto, ambao walikuwa wanacheza barabarani saa ile ya mapumziko, walijipanga mistari miwili, wakapanda juu. Waimbaji waliokuwa wanapiga soga nje wakatupa maganda ya karanga, wakapanda juu. Mama mmoja mpita njia, na beseni la mihogo kichwani, akasimama, akaniuliza: "Ibada imeanza?" Akapanda juu.

Nilisimama pale na nyundo. "Mutoke! Chuma inasema mutoke!"

Binti yangu aligeuka kwenye ngazi, akanitazama kwa huruma. "Mama, ingia. Utachelewa."

Ndiyo, tangu babu zetu kile chuma kinaita watu ndani: shuleni, kanisani, kazini kwa reli. Mimi peke yangu njo nilitaka kiwatoe nje. Kama moto ungekuwa wa kweli, ningekuwa nimeualikia wageni.

Basi nikanunua filimbi. Safari hii tulingoja watoto wawe darasani. Nikajaza mapafu, nikapuliza. Juu, kimya. Hakuna hata mguu: karibu na gare filimbi zinalia kutwa, hata metresi hakuitambua yangu. Chini, muuzaji wa esanse aliruka kama amekanyaga kaa la moto, akakumbatia chupa zake zote na kuzipeleka mbio mpaka chini ya ngazi ya mbao, akazifunika na gunia, akakaa juu ya gunia.

"Weye unafanya nini?"

"Polisi, mama! Sina makaratasi!"

"Polisi ya wapi? Ni minyi nimepiga!"

"Sasa ungesema! Unataka kutuua na woga?"

"Weye njo utatuua na esanse! Toa chupa chini ya ngazi!"

"Polisi imekwenda?"

Juu, dirisha likafunguka. Patroni akatoa kichwa. "Mama wa mashine! Sinema imeisha, ao tungoje sehemu ya pili?"

Wote wakacheka. Hata mteja wangu, na nguo yake nilikuwa bado sijaimaliza. Nililala na ile hasira, nikaamka nayo, nikainywesha chai. Mume wangu alinipigia kutoka Luena, anafanya kazi ya reli kule, akaniambia niache, watu wataniita kichaa. Nilimjibu kwamba mtoto wa kichaa akiungua, anaungua sawa na wa mwenye akili.

Na moto ukaja. Haukuuliza kama tumejitayarisha. Kinyozi alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa, grupu likakohoa, esanse imeisha. Badala ya kulizima alimimina esanse likiwa bado linazunguka, maana mteja alikuwa analalamika na ile nusu yake. Niliona mwali mmoja mdogo, wa buluu, karibu mzuri. Kisha pazia la kinyozi. Kisha ubao wa kwanza wa ngazi, na moshi ukaanza kupanda juu taratibu, kama mtu anayejua nyumba.

Nilikimbilia ngazi. Joto likanirudisha. Kinyozi anapiga kelele, mteja anapiga kelele, na kelele zao zinaishia barabarani. Nikazunguka nyumba mbio mpaka ndani ya lupango, nikainua macho: mlango umefungwa. Madirisha yana nondo. Ndani, kwaya inaimba na ngoma zao, na upande wa pili watoto wanahesabu kwa Kifaransa, na sauti moja katikati mle ilikuwa ya kwangu, inaruka namba nne kama kawaida yake.

"Moto! Moto! Iko moto mbele!"

Kiongozi wa kwaya akaja dirishani, akanipungia mkono. "Tumekusikia, mama! Iko zoezi ya tatu?"

"Haiko zoezi! Moto!"

"Vizuri sana. Tunamaliza huu wimbo, tunashuka."

Akarudi. Wakaanza ubeti mwingine! Njia ya mbele ni moto, ya nyuma ni kufuli, na chuma kinawaingiza, filimbi haiwatoi, na neno moto nilikuwa nimelichosha mwenyewe. Ni kitu gani katika Kamina hii kinaweza kumtoa kila mtu nje, mara moja, bila kuuliza?

Na akili ikaamka.

Nikafunga kitenge vizuri kiunoni. Nikaweka mikono kiunoni pia, maana bila hiyo sauti haitoki sawasawa.

"Patroni! Eh, patroni! Weye mwenye kuuzisha samaki ya bukwe!"

Ngoma moja ikanyamaza.

"Bukwe alikuletea samaki ya Mulongo, kitunga muzima! Muzee wa batu, na magoti yake ya kuuma! Weye ukamupa sombe! Sombe ya bila mafuta! Samaki ukapeleka ku soko, ukanunua tai!"

Kwaya ikakatika katikati ya neno. Nikasikia kiti kinaanguka. Nikasikia, Vidye wangu, Mungu wangu, nikasikia ufunguo katika kufuli.

Mlango ukafunguka mpaka ukapiga ukuta. Patroni akasimama juu ya ngazi ya simenti, kiatu mguu mmoja, kamba ya ufunguo inabembea.

"Nani anasema vile?"

"Minyi! Shuka uje useme hapa, kama uko mwanaume!"

Akashuka. Na nyuma yake wakashuka wote, maana nani angebaki juu? Waimbaji wa sauti nzito mbele, wanasukumana wasikose neno. Kisha metresi na watoto wake, wameshikana mashati kama mabehewa. Yeye alikuwa ameshanusa, niliona machoni, lakini hakusema kitu, aliwasukuma tu chini na ile sauti yake ya maziwa: "Twende tusikie, batoto, twende tusikie."

"Samaki ililiwa kwangu!" patroni akanijia na kidole. "Yote!"

"Na kichwa? Kichwa bukwe alikula?"

"Kichwa nilikula minyi!"

"Mumesikia? Kichwa ya samaki ya bukwe! Alikula yeye!"

Lupango ukasema "Yooo!" kwa sauti moja. Mama mmoja wa kwaya akashika mdomo. Niliendelea. Nilimtukania tai, nilimtukania viti, nilimtukania miwani, na macho yangu yalikuwa mlangoni, nahesabu vichwa vidogo. Binti yangu alitoka karibu na wa mwisho, anajikokota, kiatu kimefunguka. Nyuma yao moshi ulitoka pia, wa mwisho, kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Metresi akahesabu. Akarudia. Akanitikisia kichwa: wote.

Hapo sauti ikaniishia. Nilimshika mtoto wangu, nikaweka pua kwenye nywele zake, zilinuka moshi kidogo tu, kidogo sana, na nikakaa chini kwenye matope ya maji ya kufulia.

"Endelea!" patroni akasema. "Sema tena! Umechoka?"

"Papa," nikamwambia, "uangalie nyuma."

Akageuka. Akaona.

"Kuna moto!" akatuambia, kama mtu anayetuletea habari.

Wanaume waliuzima kwa mchanga na maji ya kunyweshea bustani. Ngazi ya mbao iliungua nusu, duka la kinyozi lote, na vitenge vya wateja wangu sita, ambao hawajanisamehe. Yule mteja wa kinyozi alipita mjini kutwa nzima na nusu ya nywele. Hakuna mtu aliyeungua hata kidole.

Sasa ungedhani patroni angekuja kuniomba radhi. Hapana. Alituita wakaaji wote, hakusema moto, alisema samaki. Jina lake limechafuliwa mbele ya kwaya na watoto. Habari imefika mpaka Mulongo, bukwe mwenyewe ametuma salamu za baridi. Anataka msamaha, hadharani.

"Nitaomba," nikasema. "Ndani ya lupango. Batu bote bawe juu, minyi niite, bashuke na ngazi ya nyuma. Na mulango usiwe na kufuli, siku ile na siku zote. Bila ile, papa, nitaongeza habari ya mukia."

Alifikiri mkia una habari gani. Niliona anahesabu. Akakubali.

Siku ya msamaha nilisimama pale chini, mikono kiunoni, nikaita mara moja: "Patroni! Samaki!" Hujawahi kuona watu wakishuka hivyo. Kwaya, watoto, metresi, hata muuzaji wa esanse, ambaye sasa anauzia ng'ambo ya barabara, alikimbia kuingia. Nikamwandikia mdogo wangu kwamba maswali yake matatu yamejibiwa.

Niliomba msamaha kwa ajili ya samaki. Kwa kichwa sikuomba, kichwa alikiri mwenyewe.

Mlango wa nyuma hauna kufuli leo. Patroni amelihamishia kwenye stoo, amepitisha mnyororo katika miguu ya viti vyote na kulifunga pale. Viti viko salama kabisa. Moto ukirudi, havitakwenda popote.